Kwa Maandishi au kwa Kutamka

Kosa la Leonsia lilikuwa kuku. Pale Mkuyuni wapo watakaokuambia kosa lake lilikuwa kutojua sheria, na wapo wanaosema ni ile tabia yake ya kutaka kujua kila mtu ni wa nani na katokea wapi. Mwenyewe ukimuuliza atakuambia ni kuku tu, tetea mzuri aliyekuwa bado anataga, aliyemkamata kwa mikono yake Jumamosi asubuhi, akamfunga miguu, akampeleka mjini kwa mtu ambaye hakumwalika.

Lakini nikianza na kuku nitawachanganya. Tuanze na hoteli.

Hoteli yenyewe usiifikirie makubwa. Ni kibanda cha mabati nyuma ya soko, meza nne, mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya makuli na mafundi gereji, na uani majiko matatu ya mkaa. Leonsia alipika ndizi na maharage, ndizi na sangara, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alikaanga senene. Alitoka Kagera akiwa kijana, akaolewa Mwanza, akafiwa na mume Mwanza, na mwaka 1990 akamzika Mwanza binti yake wa pekee, Kokulinda, aliyekufa siku tisa baada ya kujifungua. Baba wa mtoto hakuonekana hata matangani. Kitoto chenyewe kilikuwa hakijapewa jina. Bibi akakipa jina la mama yake, na tangu siku hiyo akawa na Kokulinda mwingine wa kumbeba mgongoni.

Miaka ile, jamani, kila mtu alikuwa anafungua kitu. Ilikuwa enzi ya ruksa. Aliyekuwa karani jana leo ana duka la mitumba, aliyekuwa mwalimu ana mashine ya kusaga, na kila mwenye mlango alitaka jina juu ya mlango. Fundi maandishi wa Mkuyuni aliitwa Mihayo, Msukuma mrefu mwenye sauti ya pole, na huyo hakupumzika. Mwaka 1992 ndipo Leonsia naye akamwita. Mihayo akamuuliza aandike nini, na Leonsia hakuwaza hata kidogo. Akasema, andika Kokulinda Hoteli.

Mihayo akaandika kwa rangi nyekundu, akapiga kivuli cha bluu, na chini yake akaongeza KALIBUNI. Leonsia akamrudisha kwenye ngazi kuirekebisha ile L, wakacheka. Kisha Leonsia akavuka barabara, akakaa kwenye gogo la fundi viatu, akaliangalia jina la mwanawe mpaka maharage yakaungua. Nyie mnaosema jina ni rangi tu ukutani hamjafiwa.

Basi ikaenda hivyo miaka mitatu. Watu wakawa wanasema "twende Kokulinda", "nimemwacha Kokulinda", "Kokulinda leo kuna sangara". Leonsia akilisikia jina likitajwa hivyo na watu wazima wenye afya, moyo wake ulitulia. Na kwa kuwa hata kitoto kiliitwa vivyo hivyo, wateja walikuwa wakikitania kwamba ndicho mwenye hoteli, na chenyewe kiliamini.

Mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, 1995, Mihayo aliingia hotelini saa ya chai akiwa na rangi nyeupe mpaka kwenye nyusi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, Mihayo. Kaa ule."

"Mayu, una wajina mjini. Nimetoka kupaka ukuta wa gesti mpya ya ghorofa, ya Mhaya mwenzako anaitwa Rutashobya, huyo wa malori ya samaki. Kesho kutwa naandika jina. Unajua jina gani? Kokulinda!"

Mtu mwingine angeshtuka. Leonsia alishika mdomo kwa furaha. Wajina! Kwao, na kwa wengi wa huku kwetu, ukipata mtu wa jina lako hujamwibia wala hajakuibia. Umepata ndugu. Mnaitana wajina mpaka mnazeeka, na mmoja akipata mtoto, mwenzake anaenda na zawadi. Leonsia akawaza hivi: huyo bwana hawezi kuitwa Kokulinda, basi ni mama yake au binti yake, na vyovyote iwavyo sisi ni watu wamoja. Ndipo akamkamata yule tetea.

Alivaa kitenge cha Krismasi, akafunga senene kwenye mfuko, akamshika mjukuu mkono mmoja na kuku mkono wa pili. Rutashobya alikuwa ofisini kwake chini ya ghorofa, mtu wa miaka hamsini hivi, shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni, amesoma na inaonekana kwamba amesoma.

"Waitu, nimekuja kumwona wajina," Leonsia akasema kwa ile heshima ya Kihaya, akamsogezea kuku mbele.

Rutashobya akamtazama kuku, akamtazama yeye. "Wajina yupi?"

Leonsia akaeleza. Alieleza yote, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo. Kwamba ana hoteli Mkuyuni, kwamba inaitwa Kokulinda, kwamba ni jina la marehemu binti yake na la huyu mjukuu hapa, msalimie babu. Rutashobya akasema taratibu kwamba Kokulinda ni jina la mama yake, aliyefariki mwaka jana. Leonsia akampa pole kwa dhati, machozi yakamlenga. Alimwona mwenzake, mtu aliyemweka marehemu wake ukutani kama alivyofanya yeye.

Rutashobya akafungua daftari. "Umelitumia tangu lini?"

"Tangu tisini na mbili, waitu."

"Na wateja wako ni watu wa aina gani?"

"Wa kila aina! Hata madereva wako wa malori wanakuja kwangu."

"Jina umeliandikisha?"

"Limeandikwa, tena kwa rangi nyekundu na bluu. Ukifika Mkuyuni utaliona tangu sokoni."

Rutashobya akatabasamu, akaandika mstari mrefu. Maskini Leonsia akadhani anafurahi. Kuku akapokewa, senene wakapokewa, akaletewa soda, mtoto akaletewa soda. Akarudi Mkuyuni akiwatangazia majirani kwamba matajiri wengine wana utu.

Barua ilifika siku ya kumi na moja. Ililetwa na kijana wa baiskeli, bahasha ya khaki, imepigwa taipu, na chini ina muhuri wa duara wa zambarau. Leonsia alisoma mpaka darasa la nne na Biblia anaisoma vizuri, lakini mbele ya karatasi yenye muhuri macho yake huwa hayafanyi kazi. Aliogopa karatasi tangu enzi za mgambo wa manispaa kumwaga masufuria ya watu. Akampa Mihayo amsomee. Mihayo akasoma kwa sauti, pole pole, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo.

Barua ilisema kwamba jina Kokulinda ni mali halali ya mteja wetu, limeandikishwa Dar es Salaam kwa mujibu wa sheria. Ikasema kwamba yeye Leonsia mwenyewe, mbele ya mashahidi, alikiri kulitumia bila kibali kwa miaka mitatu. Halafu ikasema: "Unatakiwa kuacha mara moja kulitumia jina hilo kwa namna yoyote ile, iwe kwa maandishi au kwa kutamka. Usipotekeleza ndani ya siku saba, hatua kali zitachukuliwa dhidi yako bila taarifa nyingine."

"Rudia hapo," Leonsia akasema.

"Siku saba?"

"Hapo kabla."

"Kwa maandishi au kwa kutamka."

Mjukuu alikuwa uani anacheza na vifuniko vya soda. Wakati huo huo akaita, "Bibi, njoo uone!" Leonsia akageuka kumjibu kwa jina, kama anavyomjibu kila siku, na jina likamkwama kooni. Akamwangalia Mihayo, akaiangalia ile barua, akamwambia mtoto, "Nakuja, wewe."

Hivyo ndivyo lilivyoanza lile neno la "wewe".

Usicheke. Ukikaa pembeni ni rahisi kusema mtu hawezi kufungwa kwa kumwita mjukuu wake. Lakini Leonsia hakukaa pembeni. Aliuliza sokoni, na soko likimwona mtu ana hofu humwongezea. Ngosha, muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara, alimwambia kwamba yeye ana binamu aliyekula miezi sita gerezani Butimba kwa jambo kama hilo hilo.

"Kwa jina?" Leonsia akauliza.

"Kwa kitu ambacho si chake, mama. Sheria haichagui."

Baadaye sana ilijulikana kwamba binamu alikuwa ameiba baiskeli. Lakini wakati huo nani angejua? Mwingine akasema vyombo vyote vitabebwa. Mwingine, Mungu amsamehe, akasema kwa vile mtoto hana baba, na jina lake sasa ni la mtu, basi serikali inaweza kuuliza mtoto ni wa nani. Leonsia aliacha kula. Kila lori la samaki lililopunguza mwendo pale nje, alisimama na mwiko mkononi akisubiri washuke kumchukua.

Mihayo alimletea njia. Mihayo hakuwa na ubaya, na ilimuuma kwamba yeye ndiye aliyeleta habari za wajina. "Mayu, tubadilishe helufi moja tu. Naandika Kokurinda. Hilo si lao. Wakija tunawaambia someni wenyewe."

Leonsia akalifikiria. Akalitamka kimoyomoyo. Kokurinda. "Hapana," akasema. "Huyo simjui. Mimi sikuzaa Kokurinda."

"Basi tufanyeje?"

"Mama Teodora akija nitamuuliza."

Mama Teodora alikuwa wakili, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, aliyekuja kula ndizi zake kila Jumamosi na kumtania mpishi kwamba anaweka chumvi kama mtu mwenye deni na bahari. Lakini Jumamosi hiyo hakuja. Ofisini kwake wakasema yuko Sengerema kwa kesi ya shamba, na kutoka hapo atapitiliza Geita, atarudi baada ya wiki mbili. Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Siku ya tano ndiyo iliyommaliza. Ilikuwa adhuhuri, hoteli imejaa, moshi umejaa. Leonsia akainua macho kutoka kwenye sufuria akamwona mtoto katikati ya barabara, ameinama anaokota kifuniko cha soda, na lori linakuja kutoka upande wa Mkolani likipiga honi. Akafungua mdomo. Kwenye benchi la kwanza walikuwa wamekaa madereva wawili wa Rutashobya, wanakula.

"We!" Leonsia akapiga kelele. "We! Weee!"

Sokoni kila mtu ni we. Wakageuka muuza nyanya, mbeba mzigo, mwanamke mwenye ndoo. Mtoto hakugeuka. Alikuwa na jina, na hilo halikuwa jina lake. Fundi viatu ndiye aliyeruka, akamvuta kwa gauni, na lori likapita likiwaachia vumbi. Mtoto alilia kwa kuogopa kelele, hakuchubuka hata kidole.

Leonsia alikaa chini pale pale kwenye majivu. Alikuwa amelishika jina ulimini, zima, na hakulitoa kwa sababu ya wanaume wawili wanaokula maharage yake. Aliogopa barua, lakini saa hiyo alijiogopa yeye mwenyewe zaidi. Akasema moyoni, yaishe. Vyovyote itakavyokuwa, yaishe.

Kesho yake akaja Odeta, katibu muhtasi wa Rutashobya, dada wa heshima aliyepiga magoti kidogo kumsalimu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Bosi amesema hana ugomvi na wewe. Amesema ukikubali hapa, jambo limekwisha, hakuna mahakama wala nini." Akatoa karatasi mbili na kisanduku cha wino. Akasoma haraka haraka, kama asomaye matangazo ya ndoa kanisani. Leonsia alisikia "mimi niliyetajwa hapo juu", akasikia "kwa hiari yangu", akasikia tena lile la maandishi au kutamka, na maneno mengine yakampita.

"Saini hapa mama."

Leonsia alijua kuandika jina lake. Lakini kalamu ilicheza mkononi ikachora mistari isiyo na maana, na Odeta kwa huruma akaisogeza karatasi na kumshika kidole. "Weka dole gumba tu. Ni sawa." Akaweka mara mbili, kila karatasi mara moja, na Odeta akamwachia moja.

Mihayo alilifuta jina mchana huo huo. Ilibidi apake rangi nyeupe mara tatu, maana nyekundu ilikuwa inajitokeza. Leonsia hakutoka kuangalia. Alikuwa uani anamenya ndizi, amemkalisha mtoto mgongo umeelekea ukutani, na alisikia brashi ikipanda na kushuka. Alilia kama alivyolia matangani, kimya kimya, machozi yakidondoka kwenye beseni la ndizi. Mtoto akamfuta kwa kiganja chenye masizi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Mama Teodora akaja. Akasimama mlangoni, akautazama ukuta mweupe, akavua miwani, akaivaa tena.

"Leonsia, mmehamia wapi? Jina liko wapi?"

Leonsia akamletea zile karatasi, barua na hati, zimefungwa kwenye kanga kama dawa. Wakili akasoma bila kukaa. Alipofika mwisho wa barua akaigeuza nyuma, akaangalia tena mbele.

"Hii imeandikwa na wakili gani?"

"Si wakili wao, mama?"

"Hakuna jina la wakili hapa. Na huu muhuri umeusoma? Ni muhuri wa gesti. Amejiandikia mwenyewe, anajiita mteja wetu. Hebu!" Akakaa sasa, kwa hasira, benchi likalia. "Nisikilize. Jina la mtu halina mwenyewe mmoja. Wangapi Bukoba wanaitwa Kokulinda? Kuandikisha jina la biashara ni kuiambia serikali nani yuko nyuma ya mlango. Basi. Ili akuzuie, ingebidi aoneshe kwamba watu wanadanganyika, kwamba mtu anaingia kwako akidhani ameingia kwake. Nani atakaa kwenye benchi hili, moshi umemjaa machoni, akadhani yuko kwenye ghorofa ya Rutashobya? Tena wewe ulitangulia. Miaka mitatu! Kama kuna wa kumwandikia mwenzake barua, ni wewe."

Mihayo aliyekuwa akila pembeni akasimama na mkate mkononi. "Kwa hiyo lilikuwa letu?"

"Lilikuwa la kila anayelitumia kwa haki. Hakuwa na uwezo wa kulichukua."

Leonsia hakufurahi. Alimtazama wakili usoni na kuona kuna jambo halijasemwa. "Lilikuwa," akasema. "Mbona unasema lilikuwa?"

Mama Teodora akainyoosha ile hati juu ya meza, ile yenye dole gumba. Hasira ikamtoka, akawa mpole, na upole wake ndio uliomtisha Leonsia. "Barua ile ni upepo. Lakini hii, dada yangu, hii ni yako. Hapa umeahidi, kwa hiari yako, kwamba hutalitumia jina hilo katika biashara yoyote maisha yako yote. Sheria haikumpa jina. Umempa wewe."

Uani sufuria lilikuwa linachemka, hakuna aliyelisogelea.

"Tunaweza kupinga," wakili akaendelea. "Tutasema ulitishwa. Nitasimama na wewe bila malipo. Lakini nisikufiche, itachukua miaka, na itabidi usimame kizimbani uulizwe maswali na watu wa aina ya Rutashobya."

Leonsia akatikisa kichwa kabla hajamaliza. Kizimbani! Mtu aliyeshindwa kushika kalamu mbele ya Odeta? "Siwezi, mama. Nisamehe. Siwezi."

"Sawa. Lakini kuna moja nataka ulisikie vizuri." Akamwonesha mtoto aliyekuwa chini ya meza. "Hati hii inahusu biashara. Mtoto si biashara. Hilo la kutamka wameliweka kukutisha. Jina la huyu hakuna wa kuligusa, si Rutashobya, si serikali. Mwite hata juu ya paa la gesti yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Leonsia akasema.

Na alielewa kweli. Hakuwa mjinga. Usiku akilala alijiambia, kesho nitamwita. Asubuhi anafungua mdomo, anaona shati la mikono mirefu mahali fulani sokoni, anasema wewe. Wewe njoo unywe uji. Wewe vaa viatu. Wewe, kuwa mwangalifu na moto. Kichwa kilishaambiwa, koo halikuambiwa. Hoteli iliendelea, watu walikula, wakaanza kuiita "kwa Mhaya", na hakuna aliyemlaumu. Rutashobya hakuonekana Mkuyuni wala kutuma barua nyingine. Hakuwa na haja.

Januari, shule zikafunguliwa. Leonsia akampeleka mjukuu kuandikishwa chekechea ya kanisani, amemnyoa, amempaka mafuta mpaka anang'aa. Kulikuwa na mstari wa kina mama na watoto wao, na mlangoni mwanamume mmoja asiyejulikana ameegemea baiskeli akisubiri zamu. Mwalimu alikuwa binti mchangamfu mwenye daftari kubwa mezani.

"Haya, mtoto mzuri. Unaitwa nani?"

Mtoto akasimama wima, mikono nyuma. "Naitwa Wewe."

Kina mama wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamshika shavu. "Siyo mimi, wewe! Wewe unaitwa nani?"

"Wewe."

Mwalimu akamgeukia bibi. "Bibi, jina lake nani? Niandike nini?"

Leonsia akawaza kwamba mtoto amelisahau, kwamba miezi mitano imetosha kulifuta jina la binti yake kwenye kichwa cha mtu wa mwisho aliyekuwa nalo. Akageuka kumwangalia yule mwanamume wa baiskeli. Kisha akainama karibu na meza, akafungua mdomo, na kabla hajatoa sauti kiganja kidogo, chenye harufu ya mafuta ya nazi, kikamfunika midomo.

"Bibi, usiseme!" mtoto akanong'ona, macho yamemtoka. "Watakufunga. Mimi silisemagi. Hata nikiwa peke yangu silisemi."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaweka kalamu chini. Leonsia akakitoa kile kiganja taratibu, akakishika, kilikuwa kinatetemeka kama mkono wake mwenyewe siku ile ya wino. Basi mtoto alikuwa chini ya meza siku zote. Alisikia ya Ngosha, alisikia ya Butimba, alisikia hata ya wakili lakini akaona bibi bado halitaji jina, na alikuwa amebeba hofu ya bibi yake miezi mitano, akiilinda kwa kukaa kimya.

Akapiga magoti mbele ya mtoto, mbele ya watu wote, na mwanamume wa baiskeli akitazama. Aliogopa, msidhani hakuogopa.

"Kokulinda," akasema, kwa sauti iliyofika nje. "Mwalimu, andika. Anaitwa Kokulinda."

Mtoto akaangalia mlangoni kuona kama kuna anayekuja. Mwalimu akaandika.